Shamba ni la Mwenyewe, Kulungu si Wake

 

Leo hatuandiki juu ya mgao wala juu ya vita. Tunaandika juu ya swali ambalo ndugu zetu waliosafiri Marekani wanatuletea mara kwa mara, na safari hii tuliamua kulitafutia jibu mpaka mwisho: mnyama wa pori akiingia kwenye shamba unaloishi, ni wako? Unaweza kumpiga ukamla?

Najua kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya watu wa Marekani, sisi huku tunatafuta maharagi." Subirini kidogo. Tulipofika mwisho wa hilo swali tulikuta linatugusa hata sisi tulioko huku.

Kwanza mnyama mwenyewe. Ndugu zetu kule wengine wanamwita swala, wengine mbawala, wengine wanasema tu dia. Sisi hapa tutamwita kulungu. Kusema kweli Kiswahili hakina jina lake hasa, kwa sababu huku kwetu, kusini mwa Sahara, mnyama wa jamii hiyo si wa asili. Waliotafsiri Biblia walitumia neno ayala. Ukitaka kumtofautisha na swala wetu, angalia pembe. Swala pembe zake ni zake mpaka anakufa, lakini kulungu dume wa Marekani anaangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Yule wa kawaida kule ana mkia mweupe kwa chini, anauinua juu akishtuka. Na ni wengi, bana. Wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi nchi nzima. Wanaingia mpaka kwenye viwanja vya watu, wanakula maua, wanakula majani ya maharagi, wanakula matembele.

Hapo kwenye matembele ndipo mambo yalipoanzia.

Baba mdogo wa mmoja wetu anaishi Kentucky. Wenye ndugu kule mnajua: Louisville, Lexington, Bowling Green, Owensboro, hayo majina siku hizi yanatajwa hapa Base Camp kama vile yanavyotajwa Mbarara na Isingiro. Yeye alifika 2021. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na amepanga nyumba ndogo nje ya mji, pembeni ya shamba la mzungu mmoja mzee. Nyuma ya nyumba alilima kipande: lengalenga, maharagi, matembele. Mwezi wa tisa akatutumia ujumbe wa sauti, tunauandika kama alivyousema: "Batoto, huku nyama inatembea mpaka ku mulango. Inamaliza majani yangu yote. Mwenzangu wa kazi ananiambia niko mupangaji, nipige tu, hakuna mutu ataniuliza. Anataka kunikopesha bunduki. Munasema nini?"

Tukacheka kwanza. Halafu mmoja wetu akauliza: "Na kama atakamatwa?" Tukaacha kucheka.

Maana huyu mzee si yuko peke yake. Mke wake na watoto wawili wako hapa Nakivale, zone ya Juru. Kesi ya mama ilibaki nyuma, na Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Mlango waliokuwa wanausubiri ukafungwa. Njia wanayoitegemea sasa ni baba mwenyewe kupata uraia, ambao mkimbizi anaweza kuuomba akishatimiza miaka mitano kule, halafu kama raia amwombee mke wake na watoto. Na ile fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na askari yeyote. Kosa dogo si lazima likunyime uraia, lakini utalieleza, utaleta makaratasi yake, na utasubiri. Kwa mtu ambaye familia yake inahesabu miezi, risasi moja kwa kulungu mmoja inaweza kuwa ghali kuliko ng'ombe.

Kuna na hatari nyingine ambayo haihitaji maelezo marefu: mtu mgeni, mweusi, Kiingereza cha kuungaunga, ameshika bunduki ya kuazima alfajiri karibu na shamba la mtu. Sisi tuliokimbia bunduki tunajua mambo yanavyoharibika haraka.

Kwa hiyo tukakaa chini. Idara ya samaki na wanyamapori ya Kentucky inatoa kitabu cha maelekezo ya uwindaji kila mwaka, bure, kinapatikana kwenye mtandao. Tulikigawana. Wenye Kiingereza kizuri walisoma, wengine wakauliza maswali, na kila jioni tulimtumia mzee kipande kimoja kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kitu cha kwanza kilitushangaza. Sisi tulifikiri kwamba Marekani, nchi ya mali ya mtu binafsi, mwenye shamba ni mwenye kila kitu kilicho ndani. Kumbe hapana. Shamba ni lake, miti ni yake, lakini kulungu anayepita si wake. Wanyama wa pori wanashikiliwa na jimbo kwa niaba ya watu wote. Mwenye shamba ana mamlaka ya kusema nani aingie na nani asiingie. Hana mamlaka ya kusema mnyama apigwe lini, wangapi, na kwa silaha gani. Hiyo ni kazi ya jimbo. Ni funguo mbili: moja iko kwa mwenye ardhi, nyingine iko kwa serikali ya jimbo. Ukiwa na moja tu, mlango haufunguki.

Kwa nini waliweka hivyo? Kwa sababu walishawahi kuwamaliza. Miaka ya 1800 watu waliwinda kwa biashara, nyama ya pori ikauzwa kwenye masoko ya miji, bila msimu na bila hesabu. Kufika 1900 kulungu waliobaki nchi nzima walikadiriwa kuwa chini ya nusu milioni. Mwaka huo huo wa 1900 ikapitishwa sheria iitwayo Lacey, inayokataza kusafirisha kutoka jimbo moja hadi lingine mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikaja nyingine, ya Pittman na Robertson, inayochukua kodi kwenye bunduki na risasi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu, na kuirudisha kwenye kazi ya kulinda wanyama. Majimbo yakaweka misimu, yakahamisha kulungu kutoka pale walipobaki kwenda pale walipoisha, yakazuia kuuza nyama yao. Hao milioni 30 wa leo hawakutokea tu. Ni matokeo ya sheria hizo ambazo wengi wanaziona ni usumbufu.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe ya Kentucky, maana ndiyo mzee aliyotuuliza.

Ili kuwinda kulungu, mtu wa kawaida anahitaji leseni ya kuwinda na, juu yake, kibali cha kulungu. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo anatakiwa pia awe amepita masomo ya usalama wa mwindaji. Baba mdogo amezaliwa 1984, kwa hiyo yanamhusu. Kuna misimu: ya mishale inaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba na kwenda mpaka Januari, ya bunduki za kisasa inaanza Jumamosi ya pili ya Novemba. Kuwinda ni mchana tu, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya jua kuzama. Kumulika wanyama kwa taa usiku ni kosa. Kupiga ukiwa ndani ya gari ni kosa, na kupiga kuvuka barabara pia. Wakati wa msimu wa bunduki kila mwindaji, na hata anayemsindikiza tu, lazima avae rangi ya chungwa inayong'aa kichwani, kifuani na mgongoni, ili mwenzake asimdhanie ni mnyama.

Ukishaua, kazi bado haijaisha. Unaandika kwenye karatasi yako ya kumbukumbu pale pale, kabla ya kumsogeza mnyama. Halafu siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita usiku, na kabla ya kumchuna, unapiga simu au kuingia kwenye mtandao wa idara kumwandikisha. Wao wanaita Telecheck. Unapewa namba, unaiandika. Mnyama ambaye hana namba ni kama mtu ambaye hana karatasi. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa.

Mzee akasikiliza vyote, akarudisha ujumbe: "Lakini mwenzangu anasema wenye shamba na wapangaji hawahitaji leseni."

Na hapa, wapendwa, ndipo tulipojifunza kwamba sheria inasomwa pole pole. Yule mwenzake hakudanganya. Kweli kitabu kinasema kwamba mkazi wa Kentucky mwenye shamba la kilimo, pamoja na mke au mume wake na watoto wanaomtegemea, wanaweza kuwinda kwenye shamba lao bila leseni na bila kibali. Na kweli wapangaji wametajwa. Lakini wametajwa hivi: mpangaji anayeishi na kufanya kazi kwenye shamba hilo. Mmoja wetu alisoma mstari huo mara tatu, akaweka kidole kwenye lile neno dogo: na. Si "au". Ni "na". Baba mdogo anaishi pale, ndiyo. Kazi yake iko ghala, kilomita nyingi kutoka hapo. Nusu ya sharti anayo, nusu hana. Kwa sheria ni mwindaji kama wengine wote, anahitaji leseni, anahitaji kibali, na anahitaji ruhusa ya mwenye ardhi, maana nyumba aliyopanga haimpi ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la mtu.

Kuna neno lingine lililotusimamisha: "watoto". Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Mtoto wa jirani aliyekulia kwangu ni mtoto wangu. Ukienda kwenye nyumba ya Mkongomani yeyote kule Kentucky utakuta vijana wanne wanamwita mzee mmoja papa. Sheria haiwatambui hivyo. Inasema watoto wanaokutegemea, basi. Shemeji hayumo. Mtoto wa ndugu hayumo. Mwenzako wa kwaya hayumo. Kwa hiyo hata wale wa kwetu ambao wamefanikiwa kununua kashamba kule, na wapo, wasije wakaalika ukoo mzima siku ya Jumamosi wakifikiri shamba la mmoja linawafunika wote. Linamfunika mwenyewe, mke wake na watoto wake. Wengine leseni.

Na hata huyo asiyehitaji leseni hajafunguliwa kila kitu. Anafuata msimu ule ule, saa zile zile, idadi ile ile, rangi ile ile, na namba ya simu ile ile. Kuachiliwa leseni si kuachiliwa sheria.

Jambo la mpaka nalo ni zito. Kentucky huingii kwenye ardhi ya mtu kuwinda bila ruhusa yake, hata kama hakuweka ubao, hata kama hakuna uzio. Ukimjeruhi kulungu upande huu akakimbilia kwa jirani, huwezi kumfuata mpaka jirani akubali. Damu ya mnyama haikupi njia.

Tukauliza ndugu wa majimbo mengine, tukakuta kila jimbo lina kitabu chake. Ohio ruhusa ya mwenye shamba lazima iwe ya maandishi, ile ya mdomo haitoshi. Texas, ambako karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, hata mwenye shamba mwenyewe anahitaji leseni akitaka kuwinda kwenye shamba lake. Na kule Texas ukiona miti au nguzo zimepakwa mistari ya rangi ya zambarau, hiyo si urembo. Kwa sheria maana yake ni "usiingie", sawasawa na ubao ulioandikwa. Hebu fikiria mtu ametoka hapa Rubondo, anaona mti una rangi, anasema "watu wa huku wanapenda kupamba", anapita. Kwa hiyo mtu asimwambie ndugu yake wa Abilene mambo aliyoyasikia Louisville. Jimbo likibadilika, uliza upya.

Kuna na ugonjwa. Kulungu wa Marekani wanapata ugonjwa wa ubongo unaowakondesha mpaka wanakufa, na Kentucky uligunduliwa kwa mara ya kwanza Desemba 2023, kaunti ya Ballard. Sehemu zilizo karibu na ugonjwa zina masharti ya ziada juu ya kupima mnyama, kumwekea chakula cha kumvuta, na kusafirisha mzoga. Ubongo na uti wa mgongo ndivyo vinavyoogopwa zaidi. Watu wa kwetu tunapenda kupika kichwa, tunajuana. Kule, kabla ya kupika kichwa, uliza.

Sasa mzee alifanya nini? Bunduki ya kuazima aliikataa. Siku ya mapumziko yake akaenda kugonga kwa yule mzungu mzee, mwenye shamba, akiwa na binti wa jirani, Mkongomani pia, wa kumtafsiria. Akamwambia tu ukweli: wanyama wako wanakula mboga zangu, na mimi nataka kuelewa sheria. Yule mzee akacheka, akasema, "Si wangu. Wangekuwa wangu ningewafungia." Akaeleza kwamba kila Novemba yeye na mwanawe wanawinda, na kwamba akitaka aje nao, bila bunduki, aone.

Akaenda. Walimvalisha kofia na fulana ya rangi ya chungwa. Walikaa juu ya jukwaa la mbao kwa saa tatu kwenye baridi, bila kusema neno. Anasema hajawahi kukaa kimya na mtu kwa muda mrefu hivyo toka atoke Masisi. Walipata jike moja. Mwana wa mzee akaandika karatasi, akapiga simu, akapewa namba, ndipo wakachuna. Wakampa mguu mzima wa nyuma na karatasi yenye maelezo ya mnyama. Kupewa zawadi inaruhusiwa. Kuuza nyama ya kulungu wa pori hairuhusiwi, hata kilo moja, hata kwa ndugu yako wa kanisa. Huyo huyo mzee akamweleza kwamba kuna chama kinaitwa Kentucky Hunters for the Hungry, ambacho wawindaji wanakipa kulungu waliowazidi, nyama inasagwa na kupelekwa kwa wenye njaa. Kwa hiyo hata asiyewinda anaweza kula, tena kwa njia iliyo safi.

Mboga zake alizizungushia wavu. Leseni anasema ataichukua mwakani akimaliza masomo ya usalama. Na ule mguu alipika na ugali na sombe, akatutumia picha, ambayo tuliiangalia kwa njaa tu.

Sasa turudi hapa kwetu, maana tulisema linatuhusu.

Nakivale tunapakana na ukanda wa Ziwa Mburo. Hifadhi ya taifa pale ilitangazwa 1983. Swalapala hawajui mpaka wa hifadhi, wanatoka na kula kwenye mashamba ya mifugo ya watu, wanagombania majani na ng'ombe. Wafugaji walilalamika miaka mingi. Mwaka 2001 mamlaka ya wanyamapori ikaanzisha jaribio la uwindaji wa kulipia kwenye ardhi binafsi nje ya hifadhi, ili wenye ardhi na jamii wapate sehemu ya pesa na waone faida ya kuwaacha swala hai. Angalieni hapo: mfugaji ardhi ni yake, majani ni yake, lakini swala si wake. Hawezi kuamka tu akampiga. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 inasema mnyama wa pori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi. Wenzetu wa Nyarugusu, kwenu ni hivyo hivyo: sheria ya Tanzania ya 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, Rais anawashika kama mdhamini. Mzungu wa Kentucky na mfugaji wa Nyabushozi wangekutana, wangeelewana bila mkalimani.

Na sisi? Sisi kipande tunacholima tulipewa na ofisi ya Waziri Mkuu tukitumie. Hakina hati, hatuwezi kukiuza, na tunajua siku yoyote mstari unaweza kuchorwa upya. Kama mfugaji mwenye hati yake hana haki na swala aliyeingia shambani, sisi tuna haki gani? Tunalisema hili wazi kwa sababu nyama ya usiku ipo, na kila mmoja wetu anajua inavyogonga mlango. Mwaka 2008 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti juu ya kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Mchicha wa Usiku", kwa sababu nyama ya pori ililetwa gizani na kuitwa jina la mboga. Ripoti ile haikuishia kuwalaumu wakimbizi. Ilisema watu walitafuta nyama kwa sababu mgao haukuwa na nyama. Ninyi wa mashirika, hilo tunawaomba mlikumbuke kila mnapotuletea mabango ya kulinda wanyama. Mwenye njaa anasoma bango akiwa na jicho moja kwenye sufuria.

Lakini na sisi tuambiane. Kijana wa kwetu akikamatwa na nyama ya swala, hakamatwi kama mwenyeji. Anakamatwa akiwa hana ndugu wa kumtolea dhamana, hajui lugha ya mahakama, na kesi yake ya ukimbizi iko kwenye faili la watu hao hao. Wengi wetu tumezaliwa pembeni ya Virunga, iliyowekwa kuwa hifadhi tangu 1925. Babu zetu waliona mpaka ukipita kwenye pori walilokuwa wakiwinda, na hakuna aliyewasomea karatasi. Sisi leo karatasi iko kwenye simu. Tofauti hiyo tuitumie.

Kwa hiyo mkiulizwa na ndugu aliye mbali, au mkijiuliza wenyewe hapa, anzeni na maswali matatu. Ardhi hii ni ya nani, na amenipa ruhusa gani? Mnyama huyu ni wa nani, na huyo mwenye naye amesema nini juu ya msimu, idadi na leseni? Na hiyo ruhusa imeandikwa wapi? Kama jibu la tatu ni "mwenzangu wa kazi kaniambia", rudi nyumbani, zungushia mboga zako wavu.

Na kwenu mnaofundisha watu kabla ya safari: mnatufundisha friji, basi, na namba ya polisi. Vizuri sana. Ongezeni dakika kumi za hili. Wengi wanaosafiri ni watu wa shamba, baba zao waliwinda, na wanapelekwa sehemu ambako nyama inalala kwenye ua. Msiwaache wajifunze kwa kukamatwa.

Kama una ndugu Iowa, Ohio, Texas au kwingineko anayetaka kusaidiwa kusoma kitabu cha jimbo lake, mwambie atutumie. Tutakigawana kama tulivyogawana cha Kentucky, na tutamrudishia kwa sauti, kwa Kiswahili, kipande kwa kipande, pamoja na yale maneno madogo.

Ni sisi vijana wenu, Nakivale.